UZI: Mashine za kutenganisha vimiminika na kusafisha gesi viwandani, siri kubwa ipo kwenye umbali

spana17 (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Nyuzi za injini na umeme zipo nyingi lakini hii mada ya kutenganisha vimiminika na kusafisha gesi watu huwa wanaipita tu, wakati ndo iliyonilisha miaka mingi, kwanza melini chumba cha injini afu baadae kiwandani. Nashusha taratibu, mwenye swali aulize nitajibu nikipata upenyo.

Kuna kitu kimoja nataka mkione mapema. Wengi wanadhani ukitaka kutenganisha vitu vizuri unaongeza nguvu tu, zungusha kasi zaidi, chemsha zaidi, weka volti zaidi. Nguvu inahitajika sikatai. Ila ukifuatilia historia ya hizi mashine moja moja, kazi ilikubali kwelikweli pale mtu alipopunguza umbali ambao tone au chembe inatakiwa isafiri mpaka itoke kwenye mchanganyiko.

Chukua maziwa. Chembe ya mafuta kwenye maziwa ina kipenyo cha kama mikroni 4 hivi, mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Mafuta ni mepesi kuliko maji kwa hiyo yanapanda, lakini George Stokes alishaonyesha mwaka 1851 kwamba kasi inaenda na mraba wa kipenyo, yaani tone likiwa nusu ya mwenzake linatembea taratibu mara nne. Piga hesabu kwa hiyo mikroni 4, chembe ikiwa peke yake inapanda kama milimita 2 kwa saa. Kwenye chombo chenye kina cha sentimita 30 iliyoanzia chini ingefika juu baada ya siku kama sita, maziwa yameshaharibika zamani. (Kiuhalisia zinashikana makundi ndo maana malai yanaonekana mapema, ila bado ni kusubiri.)

Mjerumani Wilhelm Lefeldt akaja na mashine ya kuzungusha maziwa, ikawa inafanya kazi, ila mpaka uisimamishe ndo uchote malai (krimu). Mswidi Gustaf de Laval mwaka 1878 akatoa ya kwake ambayo haisimami, maziwa yanaingia katikati, malai yanatokea njia yake na maziwa yaliyobaki yanatokea njia yake, mfululizo. Tuseme bakuli linazunguka mpaka nguvu inafika mara 5000 ya uzito wa kawaida, ile chembe iliyokuwa inaenda milimita 2 kwa saa sasa inaenda karibu milimita 3 kwa sekunde. Safi sana. Lakini bakuli ni wazi ndani, chembe ikitakiwa kusafiri sentimita 10 inahitaji zaidi ya nusu dakika na maziwa mapya yanaingia yanasukuma yaliyopo, hayawezi kukaa muda wote huo.

Hapo ndo anaingia mtu ambaye jina lake halitajwi sana, Clemens von Bechtolsheim, Mjerumani pia, patenti yake (haki ya kumiliki uvumbuzi) ni ya 1888. Yeye spidi hakuigusa. Akajaza bakuli visahani vyembamba vyenye umbo la koni, kimoja juu ya kingine, nafasi kati yake kama nusu milimita. Sasa chembe haina haja ya kusafiri sentimita 10, inasafiri nusu milimita tu inagusa sahani ya chini yake, inaungana na wenzake wanateleza kuelekea katikati. Sekunde 0.2 imeisha. Bakuli lile lile, spidi ile ile. Kampuni ya de Laval ikanunua hiyo haki, visahani vikaitwa alfa, na ndo ile Alfa kwenye jina la Alfa Laval mpaka leo.

Nakumbuka siku ya kwanza nafungua pyurifaya ya mafuta melini (mashine kama hiyo hiyo, ila ya kutoa maji kwenye mafuta ya injini), visahani zaidi ya mia vimebanwa pamoja na kila kimoja kina vichuma vidogo vya kushikilia ile nafasi, nikamuuliza injinia wa tatu hivi vyote vya nini, akanijibu wewe osha. Jibu nilikuja kulipata mwenyewe miaka mingi baadae na nikasikitika kwamba hakuna aliyenieleza siku ile, ndo sababu mojawapo ya kuandika huu uzi.

kibao_kata

Mkuu nimeelewa mpaka hapo ila swali, kwanini wasiongeze spidi tu maradufu wamalize mchezo? Moto za sasa zina uwezo.

spana17

kibao_kata swali zuri. Tatizo ni lile bakuli lenyewe. Ukiongeza spidi mara mbili nguvu ya kutenganisha inapanda mara nne, ila na nguvu inayotaka kulipasua bakuli nayo inapanda mara nne hivyo hivyo. Chuma kina kikomo. Bakuli la pyurifaya likipasuka likiwa kwenye spidi halibaki kwenye chumba, linatoboa kuta. Ndo maana utakuta zina breki na maelekezo makali ya jinsi ya kufunga nati kubwa ya juu, na nati yenyewe inakaza kinyume ili mzunguko usiilegeze. Usicheze na hiyo kitu.

Na kwenye mafuta mazito ya meli kuna njia nyingine ya kusaidia bila kugusa spidi, unayapasha mpaka nyuzi 98. Yakipata moto yanakuwa mepesi kutiririka, tone la maji linapenya kirahisi. Hazipiti 98 kwasababu maji yakianza kuchemka humo ndani umeharibu kila kitu.

Bibi Kemia

Nafuatilia spana17, endelea baba. Ila baadae nitakuuliza jambo kuhusu mashine za oksijeni za hospitali, zile za kuchomeka kwenye umeme. Zinatoa oksijeni ya asilimia 93 hivi, wakati mwingine 95, haivuki hapo hata uifanyeje. Wagonjwa na ndugu zao wanatuuliza kama mashine ni mbovu.

spana17

Bibi Kemia shikamoo, hiyo nitaifikia mama, niikumbushwe nikisahau.

Kabla ya kwenda kwenye gesi niwape hili la pyurifaya manake kuna mtu litamsaidia kazini. Ile mashine inatenganisha mafuta na maji, na kati yake kuna mpaka ambao hauonekani, maji yako nje mafuta yako ndani. Mahali huo mpaka unapokaa panaamuliwa na ringi moja ya chuma tu yenye tundu katikati, unaichagua kulingana na densiti ya mafuta (uzito wake kwa ujazo). Ukiweka ringi yenye tundu kubwa kuliko inavyotakiwa mpaka unasogea nje mpaka ule ukuta wa maji unavunjika, mafuta yanaanza kutokea njia ya maji. Ukiweka yenye tundu dogo mpaka unaingia ndani kwenye visahani, na maji yanaondoka na mafuta safi kwenda kwenye injini.

Meli moja niliyokuwepo tulijaza mafuta bandari nyingine, densiti ikawa tofauti na ya mwanzo, hakuna aliyebadilisha ringi. Usiku mzima mafuta yanakwenda kwenye tangi la uchafu na alamu imezimwa kwasababu inasumbua usingizi wa watu. Asubuhi tunapima tangi tunashangaa. Hakuna kilichoharibika siku hiyo ila mafuta yaliyopotea yaliniuma sana na toka siku hiyo kila tukipokea mafuta mi naanza na karatasi ya densiti kabla ya chai.

Pyurifaya ya kawaida mwisho wake ni densiti 991 (kilo kwa mita ya ujazo) kwa nyuzi 15. Ukivuka hapo mafuta na maji vinakuwa karibu sawa kwa uzito, tofauti haipo tena, na kama tofauti haipo hata uzungushe mpaka kesho haisaidii.

kibao_kata

Aisee, kumbe karatasi ya densiti siyo mapambo.

spana17

Haya twende kwenye gesi, na hapa nina mtu ninayemheshimu sana.

Shida ilikuwa hivi. Viwanda vya kuyeyusha risasi (yale madini, siyo za bunduki) na vya asidi ya salfuriki vilikuwa vinatoa moshi na ukungu wa asidi, matone madogo kiasi kwamba unayapitisha kwenye maji bado yanatoka upande wa pili. Mwingereza Oliver Lodge aliona miaka ya 1880 kwamba moshi ukiwekewa umeme wa volti kubwa unakimbilia kwenye kuta za chombo na hewa inabaki safi. Mwaka 1885 wakajaribu kiwandani Bagillt, Wales, kiwanda cha risasi, umeme wanautoa kwenye mashine ya Wimshurst, yaani sahani kubwa za kioo zinazozungushwa. Ikashindikana. Umeme wenyewe ulikuwa kidogo mno kwa moshi wa kiwanda kizima, na moshi wa risasi ni mgumu hata kwa mitambo ya leo. Wazo lilikuwa sahihi kabisa, ila likakaa kama miaka ishirini limelala.

Frederick Cottrell, mwalimu wa kemia Berkeley, California, akaliamsha. Yeye alikuwa na transfoma na alikuwa na namna ya kuugeuza ule umeme uende upande mmoja kwa kifaa kinachozunguka sambamba na umeme wenyewe. Hapo nguvu ipo. Lakini elektrodi zake (vile vyuma vya kutolea umeme kwenye moshi) zikawa zinatoa umeme sehemu mbili tatu tu, kwingine hakuna kitu. Jioni moja giza linaingia akaangalia vizuri, akaona waya uliokuwa unapeleka umeme, waya wa kawaida uliofungwa nyuzi za pamba, unang'aa zambarau mwili mzima, sawasawa kabisa, wakati elektrodi yenyewe ina nukta chache tu za mwanga. Zile nyuzinyuzi za pamba zenye unyevu kila moja ilikuwa ncha ndogo ya kutolea umeme! Akatengeneza elektrodi zenye manyoya ya namna hiyo na kazi ikakubali. Patenti ikatoka 1908.

Mi hiyo habari naipenda kwasababu jibu lilikuwa kwenye waya ambao haukuwa sehemu ya jaribio. Kama angewasha taa mapema jioni ile sijui ingekuwaje.

Jinsi inavyofanya kazi, katikati unaning'iniza waya mwembamba wenye volti makumi elfu, pembeni bamba za chuma zilizounganishwa na ardhi. Karibu na waya hewa inapasuka inatoa chaji, chaji zinapanda kwenye chembe za vumbi, chembe zinavutwa mpaka kwenye bamba. Halafu nyundo zinagonga bamba vumbi linaanguka chini kwenye faneli. Mtambo mzuri unakamata zaidi ya asilimia 99. Uzuri wake mkubwa ni kwamba nguvu inashika chembe zenyewe, gesi haiguswi. Kwenye feni au chujio unahangaika na gesi yote, hapa unahangaika na vumbi tu, ndo maana gesi inapita karibu bila kizuizi.

Na Cottrell hakujitajirisha nayo. Patenti alizitoa zikaanzisha taasisi ya Research Corporation mwaka 1912, mapato yote yaende kwenye utafiti wa watu wengine. Maroketi ya Robert Goddard na saiklotroni (mashine ya kukimbiza chembe za atomu) ya Ernest Lawrence vilipata hela kutoka huko.

mzee wa boila

Heshima mkuu. Nimekaa kwenye hizo mashine za umeme wa vumbi muda mrefu naomba niongeze kitu ambacho kilitutesa. Tulibadilishiwa makaa ya mawe, tukaletewa yenye salfa kidogo kwa ajili ya mazingira, tukafurahi. Siku chache moshi unatoka mweusi bombani. Mashine ile ile, volti zile zile, tumekagua kila kitu hatuoni kosa.

Kumbe salfa ikiungua sehemu ndogo inakuwa salfa trioksaidi inakaa juu ya chembe za majivu na kuzifanya zipitishe umeme kidogo. Ukiiondoa majivu yanagoma kupitisha, chaji inanasa kwenye ganda la vumbi lililo kwenye bamba, inajikusanya mpaka inapasuka kurudi nyuma kwenye gesi na kuharibu kazi. Dawa yake ikawa kuingiza hiyo hiyo salfa trioksaidi kidogo sana kabla ya mtambo. Yaani tunaondoa salfa kwenye makaa halafu tunairudisha kwa kipimo kwenye moshi. Inashangaza ila ndo fizikia.

spana17

mzee wa boila shukrani sana mzee wangu, hiyo ni dhahabu. Nikiulizwa kwanini kila kiwanda lazima kipime vumbi lake chenyewe kabla ya kununua mtambo nitawaleta hapa.

kibao_kata

Na saikloni je? Kwenye karakana za mbao tunatumia ile koni ya bati, haina hata kifaa kinachotembea ndani.

spana17

Saikloni ni ya miaka ya 1880 hiyo, na mpaka leo naona ni katika mashine bora kabisa zilizowahi kutengenezwa, gesi inaingia kwa ubavu inajizungusha yenyewe, vumbi linatupwa ukutani linateleza chini, gesi safi inapanda katikati. Ila wengi wanakosea hapa, wakitaka isafishe zaidi wanaagiza kubwa zaidi. Ni kinyume. Saikloni ndogo ndo inakamata vumbi laini, kwasababu mduara ni mdogo nguvu inakuwa kubwa na ukuta uko karibu na chembe. Kwa hiyo gesi ikiwa nyingi unapanga nyingi ndogondogo sambamba. Ni ule ule umbali. Baadae wakatengeneza za vimiminika pia, na miaka ya 1980 zikaanza kutumika kwenye majukwaa ya mafuta baharini kutoa mafuta kwenye maji, mabomba membamba marefu yamefungwa kwenye chombo kimoja, huko nafasi na uzito ni shida kwa hiyo matangi makubwa ya kusubiri mafuta yaelee hayawezekani.

Bibi Kemia

Sasa baba hapo nakupinga kidogo kwa heshima. Hiyo ya umbali inafaa kwa vitu vilivyochanganyika tu bila kuyeyukiana, vumbi kwenye hewa, mafuta kwenye maji. Spiriti na maji je? Oksijeni na nitrojeni? Hapo hakuna tone la kusafiri, molekuli zimeingiliana kabisa. Zungusha mpaka kesho hutapata kitu. Hapo kazi ni kurudiarudia. Unachemsha, mvuke unatoka na spiriti nyingi kidogo kuliko kimiminika, unaupoza, unachemsha tena, kila hatua inaongeza kidogo. Aeneas Coffey wa Dublin, aliyekuwa mkaguzi wa ushuru wa pombe, alipata patenti yake 1830 kwa minara miwili ambayo inafanya hizo hatua zote mfululizo ndani ya chombo kimoja, mvuke unapanda pombe inashuka vinakutana kwenye kila sahani.

Na hata hivyo kuna ukuta. Spiriti na maji ukifika asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke na kimiminika vinakuwa na mchanganyiko sawa, kukeneka hakuongezi tena kitu. Sydney Young mwaka 1902 akaupita huo ukuta kwa kuongeza benzini, siku hizi wanatumia zeolaiti (punje za madini zenye matundu madogo sana) inayonyonya maji peke yake.

Ninayoiona nzuri kuliko zote ni ya Carl von Linde kwenye hewa. Hewa ukiipoza mpaka iwe kimiminika, nitrojeni inachemka nyuzi 196 chini ya sifuri, oksijeni 183 chini ya sifuri. Mnara wake wa kwanza wa 1902 ulitoa oksijeni nzuri, lakini nitrojeni iliyotoka juu ilibaki na oksijeni kama asilimia 7, kwasababu juu ya mnara palitakiwa kitu baridi cha kuiosha na hakikuwepo. Utatoa wapi kitu baridi kuliko nitrojeni? Mwaka 1910 akaweka minara miwili, mmoja juu ya mwingine. Wa chini una presha ya bar 5 au 6, na nitrojeni ikiwa na presha hiyo inageuka kimiminika kwenye nyuzi kama 178 chini ya sifuri. Oksijeni iliyo chini ya mnara wa juu, presha ndogo, inachemka kwenye nyuzi kama 180 chini ya sifuri. Angalia hapo! Nitrojeni ya chini inapoa kwa kuichemsha oksijeni ya juu, oksijeni inachemka kwa joto la nitrojeni, na ile nitrojeni iliyopoa inapelekwa juu kabisa kuosha. Tofauti ya nyuzi mbili tatu inaendesha mtambo mzima. Mitambo mikubwa ya oksijeni duniani bado imejengwa kwa mpango huo.

spana17

Mama nimekubali, na nimejifunza. Kwenye vilivyoyeyukiana msingi ni hatua siyo umbali, nilikuwa nimepanua neno langu kupita kiasi. Ila niruhusu nitetee kidogo, ndani ya kila hatua bado mvuke na kimiminika lazima vigusane, na hapo ndo wanaweka zile pete ndogo za Raschig au mabati yaliyokunjwa ili kimiminika kitandazwe kama utando mwembamba, molekuli isisafiri mbali kufika kwenye gesi.

Tuliitumia hiyo kwenye mnara wa amini (kemikali ya kusafishia gesi). Gesi asilia inatoka ardhini na kabonidayoksaidi na haidrojeni salfaidi, hiyo ya pili inaua, na ikiwa nyingi inaiua pua kwanza huisikii tena harufu, kwa hiyo kamwe usitegemee pua. Robert Bottoms alipata patenti 1930, gesi inapanda, maji yenye amini yanashuka, amini inazishika hizo gesi mbili za asidi ikiwa na ubaridi na presha, kisha unaipeleka mnara mwingine unaipasha nyuzi kama 120 inaziachia, unaipoza unaitumia tena. Bado ndo njia inayotumika sana. Ubaya wake ni moto, kila siku unachemsha maji mengi ili utoe gesi kidogo.

mzee wa boila

Hapo kwenye moto ndo gharama zote ziko. Wanaokuja na utando (ngozi nyembamba ya kuchujia bila kuchemsha) nawaombea wafanikiwe.

spana17

Utando tayari umeshafanikiwa kwenye maji ya chumvi mzee. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan huko Los Angeles karibu na 1960 walipata utando wenye ngozi nyembamba sana juu na sponji nene chini, ngozi inachuja sponji inashikilia. Utando uliotangulia ulizuia chumvi vizuri tu ila ulikuwa mnene mwili mzima, maji yanapita matone matone. Walipopunguza unene wa sehemu inayochuja ndo maji yakatoka ya kutosha, na 1965 mji wa Coalinga, California ukaanza kunywa maji hayo.

Bibi Kemia

Nakukumbusha oksijeni yangu.

spana17

Naam mama sijasahau. Zile mashine hazipozi hewa kama za Linde. Ndani zina mitungi miwili yenye punje za zeolaiti. Hewa ikisukumwa kwa presha kwenye mtungi wa kwanza, nitrojeni inashikwa kwenye matundu ya zeolaiti kwasababu inavutwa zaidi na ayoni (chembe zenye chaji) zilizomo, oksijeni inapita. Mtungi ukikaribia kujaa valvu zinageuka, hewa inakwenda wa pili, wa kwanza unaachiwa presha nitrojeni inatoka nje, na oksijeni kidogo inarudishwa kuusafisha. Mpango huo ni wa Charles Skarstrom, patenti 1960, alianza nao kwa kukausha hewa bila kutumia moto. Mzunguko ni wa haraka kwa hiyo joto linalotoka wakati gesi inashikwa halipati muda wa kuondoka, linasaidia kuiachia.

Sasa hewa siyo oksijeni na nitrojeni tu. Ina agoni asilimia 0.93. Na kwa hiyo zeolaiti agoni na oksijeni ni karibu kitu kimoja, inavishika kwa kiasi sawa, haiwezi kuvitofautisha. Ukitoa nitrojeni yote mpaka molekuli ya mwisho unabaki na 20.95 za oksijeni na 0.93 za agoni, gawanya hapo unapata asilimia 95.7. Huo ndo mwisho wake, kinachobaki ni agoni ambayo mgonjwa anaivuta kila siku kwenye hewa ya kawaida na haimdhuru. Kwa hiyo ikisoma 93 mwambie ndugu yake mashine ni nzima. Ikishuka chini ya 82 au alamu ikalia, hapo kweli angalia chujio la kuingizia hewa kwanza, halafu unyevu, manake zeolaiti ikinyonya maji inayashika kuliko nitrojeni na haitaki kuyaachia.

Bibi Kemia

Ahsante sana baba. Kesho zamu yangu ni asubuhi, hiyo ya agoni naibandika ukutani.